Juhudi nilikuwa nazo, na mjomba nilikuwa naye

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika sekondari ya kata mkoani Morogoro. Kila mwaka, kwenye mahafali ya kidato cha nne, mgeni rasmi husimama akawaambia watoto kwamba maisha ni juhudi zako mwenyewe, kwamba naye alisoma kwa taabu, na kwamba anayetaka kutoboa atatoboa. Wanafunzi hupiga makofi. Siku zinazofuata wachache hunifuata ofisini, maana wanajua nimetoka kijijini kama wao, na huniuliza: "Mwalimu, wewe ulitoboaje?"

Huwa nawajibu kwa kirefu. Nilisoma sana, na hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini kila nilipofika mahali ambapo kusoma peke yake kusingetosha, nilimkuta mtu wa ukoo wangu amesimama hapo. Wapo wenzangu waliosoma kunishinda, nao walipofika mahali hapohapo hawakumkuta mtu.

Nilizaliwa wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Anayeijua Newala anajua kwamba shida yake ya miaka yote ni maji. Udongo wa juu ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama, na chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Mashine za mradi wa maji zikiharibika, watu hushuka bondeni na ndoo, kisha hupanda nazo kichwani. Kazi hiyo ni ya akina mama na mabinti. Mvulana akitoka shule anaweza kula na kupumzika. Mimi nilivua sare nikachukua ndoo, na niliporudi giza lilikuwa limeingia, mafuta ya kibatari ni ya kupimiwa, na mwili umechoka. Hapo ndipo nilipofungua daftari.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1999, bado tunadaiwa ada ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wasiolipa walisomwa majina mstarini wakarudishwa nyumbani, na mimi nilirudishwa mara nyingi tu. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa, mwaka 2002 shule yetu ilifurika. Walikuja watoto wa darasa la kwanza wenye umri wa wanafunzi wa darasa la tano. Nawakumbuka walivyoshika kalamu kwa nguvu, wakiandika kwa hamu kuliko sisi tuliozoea. Kilichokuwa kimewaweka nje miaka yote ile ni hela ndogo ambayo nyumbani kwao haikuwepo.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 2005, na hapo nilikuwa na bahati ya wakati. Serikali ilikuwa kwenye MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kila kata ijenge sekondari yake. Wazazi wetu walifyatua matofali, akina mama wakabeba mchanga na maji, na Januari 2006 tukaingia kidato cha kwanza kwenye madarasa ambayo sakafu yake ilikuwa bado vumbi. Ingekuwa miaka mitano nyuma, kwa nafasi chache zilizokuwepo wilayani, sidhani kama ningepata hata moja. Walimu walikuwa wachache, na wawili kati yao walikuwa wale vijana wa leseni, waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi. Watu waliwaita vodafasta. Mimi nawaheshimu mpaka leo, kwa sababu bila wao tusingefundishwa na mtu yeyote. Maabara hatukuwa nayo. Masomo yaligeuka ghafla kuwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeijua.

Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ukiijumlisha na michango ya madawati, mlinzi, chakula na mtihani wa utamilifu, ada yenyewe ilikuwa sehemu ndogo. Baba na mama walitegemea korosho. Fedha ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka, na tangu ulipoanza mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho inawekwa ghalani ikisubiri mnada, ilikuja kwa awamu: malipo ya kwanza, kisha unasubiri ya pili. Shule haisubiri malipo ya pili.

Aliyesubiriwa na familia yetu yote alikuwa mjomba, kaka yake mama, fundi cherehani pale Masasi. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu yake kuliko watu wa mijini wanavyoweza kudhani. Hakuwa tajiri. Alikuwa na cherehani mbili kwenye kibaraza cha duka la mtu. Lakini alipata fedha kila wiki, na katika nyumba ya wakulima, mtu mwenye fedha ya kila wiki ni nguzo. Nilipokuwa kidato cha pili alinipelekea baiskeli, Phoenix iliyokwishatumika, breki ya nyuma haishiki. Nilifunga madumu mawili kwenye keria kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani. Kupanda kutoka bondeni nilikuwa naisukuma, lakini sasa safari moja ilileta maji ambayo zamani yalinigharimu safari mbili. Safari ile iliyobaki ikawa muda wa kusoma, jua bado halijazama. Matokeo yangu yalianza kupanda muhula uleule. Walimu walisema nimeongeza juhudi. Juhudi ilikuwa ileile, nilichoongezewa ni mwanga wa jua.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyetushinda wote hesabu. Mwalimu akiandika swali ubaoni, yeye alikuwa tayari na jibu kabla chaki haijashuka. Mwaka 2008, tukiwa kidato cha tatu, baba yake alifariki. Kwa desturi yetu mali ya marehemu ina wenyewe upande wa dada zake, hivyo wapwa wa marehemu wakaidai mikorosho na baraza likawapa. Mama mtu akabaki na watoto wanne na nyumba. Desturi ileile iliyonipa mimi mjomba ndiyo iliyoondoa mikorosho nyumbani kwao, na mjomba wake yeye alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, hakuna aliyejua mahali alipo. Kijana akaacha shule, akaanza kupalilia mashamba ya watu. Siku hizi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa korosho mkulima akileta magunia, yeye anasoma mzani, anatoa uzito wa gunia tupu, anazidisha kwa bei ya mnada, anapunguza makato, na anataja kiasi kabla mwenye simu hajamaliza kubofya. Watu wanamwamini, na anastahili. Lakini nikimtazama naona mhandisi ambaye nchi hii haikumpata, na mtu asiniambie kwamba yule alikosa kujituma.

Binti mwingine, rafiki yangu wa dawati moja, alipata mimba kidato cha tatu. Wakati ule ilikuwa ukipata mimba unafutwa shule, basi. Ruhusa ya kurudi kwenye mfumo rasmi ilikuja mwishoni mwa 2021, miaka mingi baada ya yeye kuzoea jembe. Baadaye, nikiwa chuo, nilimfahamu dada mmoja wa Dar es Salaam aliyepata mtoto akiwa na umri uleule. Wazazi wake walimlea mjukuu, wakamlipia tuisheni, akafanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaompa aliye nje ya shule sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Leo ni mhasibu. Nampenda na nafurahi kwa ajili yake. Nataka tu yule wa Newala naye akumbukwe.

Nilifaulu kidato cha nne mwaka 2009. Hata huko kufaulu kulitanguliwa na karatasi moja ambayo wengi hawaizungumzii, yaani fomu ya kuchagua tahasusi, ule mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Tunaiita selform. Sisi tuliijaza gizani. Baba hakujua EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) ni nini wala HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) inampeleka mtu wapi, na hakuna mtu mtaani wa kumuuliza. Wenzangu kadhaa walinakili kwa aliyekaa jirani. Mwenye alama nzuri za Fizikia aliandika masomo ya sanaa kwa sababu rafiki yake ndiyo aliyoandika. Mimi niliandika HKL kwa sababu mwalimu wa Historia alinikuta nje ya ofisi akakaa nami. Kama angekuwa ameshaondoka siku ile, sijui ningeandika nini. Nyumba yenye mzazi aliyepita chuo, jambo hili linamalizwa mezani wakati wa chakula cha usiku, tena miaka miwili kabla.

Nikachaguliwa kwenda bweni, mkoa mwingine. Barua ya kujiunga ilikuja na orodha ndefu: tranka, godoro, shuka za rangi fulani, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, ada, na nauli ambayo haikuandikwa lakini ipo. Malipo ya pili ya korosho yalikuwa hayajatoka. Mjomba akakopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akashona sare zangu mwenyewe usiku, na mimi nikaripoti nikiwa nimechelewa lakini nikapokelewa.

Kwa moyo wangu nilitaka kusoma sheria. Nilipofika mwaka wa kuomba chuo, 2012, niliandika ualimu kuanzia chaguo la kwanza hadi la mwisho. Sababu ni moja: Bodi ya Mikopo ilikuwa inawapa kipaumbele waombaji wa ualimu na wa udaktari, na mimi bila mkopo nisingekanyaga chuo. Naipenda kazi yangu kwa dhati, na darasani najisikia niko mahali pangu. Ila nataka vijana waelewe kwamba tunapoulizana "ulichagua kazi gani," kwa wengine wetu kuchagua kulifanywa na hali ya nyumbani kabla hatujashika kalamu. Nilipata mkopo wa asilimia mia. Fedha ya kujikimu, bumu, ilikuwa shilingi 7,500 kwa siku, na sehemu yake ilikuwa inarudi Newala kwa wadogo zangu.

Hosteli za Mabibo ndiko nilikoelewa vizuri jambo hili. Mwenzangu wa chumba alikuwa anasoma sheria, mtoto wa watumishi wa serikali wa Mbezi. Mtu akisikia hivyo anadhani alikuwa mvivu wa kudeka. Hapana. Aliamka saa kumi alfajiri, akasoma kwa tochi ya simu chini ya shuka ili asituamshe. Usiku mmoja aliniambia kwamba kidato cha nne mara ya kwanza alipata daraja la nne la mwishomwisho. Baba yake alinyamaza wiki nzima, kisha akampeleka kurudia kwenye shule binafsi, na ndivyo alivyofika pale. Nilikaa nikifikiri. Mimi kama ningepata daraja la nne mwaka 2009, hadithi ingeishia palepale, Newala, mwaka uleule. Nisingepata mtu wa kunilipia mara ya pili, maana mara ya kwanza yenyewe ilikuwa ya kuchangishana. Sote wawili tulikuwa na juhudi. Yeye aliruhusiwa kuanguka akainuka, mimi nilipaswa kutoanguka hata mara moja tangu nikiwa na miaka saba.

Hilo ndilo ninalosema kila ninapopata nafasi. Watu wakitaja nafasi ya familia wanafikiria ada, na ada siku hizi imepunguzwa makali: ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, ya tano na sita ikafuata mwaka 2022. Hatua kubwa hizo, nazishukuru. Lakini familia yenye uwezo inampa mtoto vitu ambavyo havimo kwenye risiti yoyote: saa za kusoma, mtu wa kumuuliza, nafasi ya kurudia, na uwezo wa kusubiri.

Kwenye kozi ya sosholojia ya elimu tulisomeshwa utafiti wa James Coleman wa Marekani, wa mwaka 1966, uliogundua kwamba matokeo ya wanafunzi yanaelezwa zaidi na nyumbani wanakotoka kuliko vifaa vya shule. Kisha tukasomeshwa utafiti wa Stephen Heyneman aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1970, na yeye akakuta kinyume chake: kwa watoto wa shule za msingi za Uganda, hali ya nyumbani haikueleza mengi, shule na mwalimu ndivyo vilivyobeba uzito. Nilimwamini Heyneman papo hapo, kwa sababu nilijua mwalimu mmoja mzuri anafanya nini kwenye kijiji kisicho na vitabu. Leo, baada ya miaka kazini, naona sehemu ya Coleman inatufikia. Zamani mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima waliweza kukutana kwenye shule za serikali kama Tabora au Ilboru, bweni moja, ugali sufuria moja, mwalimu yuleyule. Sasa wa kwanza anaanza Kiingereza akiwa na miaka minne kwenye shule ya kulipia na wa pili anaanza kufundishwa kwa lugha hiyo kidato cha kwanza, halafu wote wanapewa karatasi moja ya mtihani. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza na takriban asilimia 60 ya watahiniwa wakapata sifuri, yaliitikisa nchi nzima. Waliosoma shule kama yangu ndio walioumia, na vijiweni watu wakawaita wavivu.

Wanafunzi wangu hupenda kunitajia Mwalimu Nyerere: alichunga mbuzi, alianza shule na miaka 12, na bado akafika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Kweli kabisa, na akili yake na bidii yake hazina mjadala. Kwa kuwa nafundisha Historia, huwaongezea kilichobaki. Alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda Tabora, shule ambayo wakoloni waliianzisha kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu. Nawauliza, wangapi wa rika lake kule Butiama walichunga mbuzi wakiwa na akili kali na baba zao hawakuwa machifu? Darasa hunyamaza. Nyerere mwenyewe alilijua hili, ndiyo maana serikali yake ikasukuma elimu ya msingi kwa wote katika miaka ya 1970, tukapata hiyo UPE.

Nilihitimu 2015. Mwaka uliofuata ajira za serikali zikasimamishwa kwa uhakiki, na walimu wa sanaa tukaambiwa tumezidi. Waliokuwa na kwao Dar walijitolea kwenye ofisi bila mshahara, wakijenga majina na uzoefu, wakirudi jioni kula kwa mama. Mwenzangu wa Mabibo alimaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, baba analipa, kisha akakaa kwenye ofisi ya mawakili kwa nauli tu hadi akaaminiwa kesi. Mimi niliokolewa na mama mdogo anayeuza samaki wa kukaanga Mbagala. Alikuwa na chumba na sebule. Nililala sebuleni na watoto wake, nikafundisha shule binafsi ya mshahara mdogo uliochelewa, mpaka nilipoajiriwa serikalini mwaka 2021. Bila sebule ile ningerudi kijijini, na aliyerudi kijijini hasikii hata tangazo la nafasi ya kazi. Kwa hiyo mtu akisema nimetoka familia duni, namsahihisha. Familia yangu haikuwa na fedha. Ilikuwa na mjomba na mama mdogo, na huo ni utajiri ambao yule kijana wa hesabu hakuwa nao.

Hata ukishafika, mambo hayalingani. Sheria ya 2016 ilipandisha makato ya mkopo wa elimu ya juu kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Mkopo nilikopa, na kuurudisha ni haki, ili wengine wasome. Lakini mwalimu mwenzangu aliyelipiwa na wazazi anaanza mwezi na mshahara mzima, na mimi naanza na uliokatwa, kisha nakata tena mwenyewe kwa ajili ya mama, mdogo wangu, na mjomba ambaye macho yake sasa hayaoni tundu la sindano. Mwalimu mwenzangu huyo amenunua kiwanja. Hakufanya kazi kuliko mimi.

Je, niwaambie watoto wasijitume kwa kuwa mambo yameshapangwa nyumbani? Siwezi, kwa sababu nilikuwa na wenzangu wenye wajomba wenye magari ambao hawakufika popote, na kwa sababu mjomba wangu asingeleta baiskeli kama asingeona ripoti zangu. Alinisaidia kwa kuwa aliniona nahangaika. Bidii ya mtoto maskini ndiyo inayowashawishi watu wenye kidogo wakitoe hicho kidogo. Ninachokataa ni kumwambia aliyebaki nyuma kwamba amebaki kwa hiari yake.

Kwa hiyo shuleni nafanya yale yaliyofanywa na watu kwangu. Wiki ya selform sitoki ofisini kabla fomu ya mwisho haijajazwa, na mzazi asiyeweza kuja nampigia simu namweleza tahasusi moja moja kwa Kiswahili. Tumeomba darasa moja liachwe wazi jioni, lina taa ya sola, mabinti wanasoma hapo kabla ya kwenda kuchota maji. Na matokeo yakitoka nawatafuta walioanguka kwanza, kabla ya kuwapongeza waliofaulu, kwa sababu siku zile chache za mwanzo ndizo familia inaamua mtoto arudie au aolewe.

Mtoto wa dada yangu alipata F ya Kemia miaka miwili iliyopita. Dada alinipigia akilia, akasema basi, akapalilie mikorosho. Nikamwambia aniletee mtoto Morogoro. Alikaa kwangu mwaka mzima, alilala sebuleni, mwalimu wa Kemia wa shule yetu akamfundisha jioni, akarudia mtihani. Sasa yuko chuo, anasomea maabara ya hospitali, na mwezi huu amenitumia orodha ya vitabu anavyohitaji. Vitatu nimeshavipata.